Shifti Mara Tano

Siku mliyoniaga mlinipa keki, mkaniimbia, mkanikabidhi ndoo ya maua ya plastiki ambayo mpaka leo sijui niiweke wapi. Halafu mmoja mmoja mkaanza kuninong'oneza: Mama Masatu, tuandikie yale mambo yako ya kibodi kabla hujayasahau. Kabla hujayasahau! Watu wa ajabu nyie. Vidole hivi vitasahau kushika kijiko kabla ya kusahau kibodi. Lakini haya, nimekaa barazani kwangu hapa Nyasura, laptopu iko mezani, chai ipo, naandika. Mkiona herufi kubwa imekosekana mahali mnivumilie, sababu yake mtaikuta mbele.

Habari za vyeo sitaziandika, maana vilikuwa vichache. Nitaandika jinsi nilivyofundishwa kazi, na habari ya Magesa, ambayo nyie mliokuja juzi mmeisikia vipande vipande, tena vingine vya uongo.

Nilianzia Musoma mjini, kwenye ofisi moja iliyokuwa na chumba cha wapiga chapa. Mimi ni mtoto wa Makoko, nimekua na harufu ya dagaa kwenye nguo, na siku ya kwanza nilioga mara mbili nisije nikaaibika. Mkubwa wa chumba kile alikuwa Madamu Ghati, mama wa Tarime, mrefu, sauti nzito, hacheki ovyo. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika, akanionyesha kiti.

"Kupiga chapa unajua?"

Nikasema najua. Na kweli nilijua, kwa vidole viwili, huku natafuta herufi kama kuku anayedonoa mtama. Madamu alivumilia mstari mmoja tu. Akavua kanga yake begani, akaifunika mashine pamoja na mikono yangu.

"Haya, piga sasa."

"Madamu, sioni."

"Nani kakwambia uone? Macho ni ya kusoma karatasi. Vidole vina akili yake, vipe kazi."

Nilipiga takataka mpaka nikaogopa kufukuzwa. Barua ya mheshimiwa fulani niliianza kwa neno ambalo hata Kijita chetu cha nyumbani hakina. Kanga haikuondoka. Na Madamu Ghati alikuwa na tabia moja iliyonishangaza: alikuwaga anavuta kiti, anakaa pembeni yangu, anaweka viganja vyake chini ya mapaja, anavikalia. Nikikosea anaguna, lakini mikono haitoki. Nilidhani anasikia baridi, maana dirisha letu lilitazama ziwani na asubuhi upepo ulikuwa mkali. Hata siku moja niliwahi kumletea sweta. Akalivaa, akashukuru, akakalia mikono yake vilevile.

Siku kanga ilipoondolewa sikugundua. Nilikuwa nimemaliza ukurasa mzima, nikainua macho, nikaona Madamu ameshajitanda kanga yake begani, anakunywa chai. Alinitazama kidogo tu. "Umeona?" akasema. Basi, hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yangu ya kuhitimu.

Kompyuta zilipofika ofisini, wote tulizifurahia mausi. Unasukuma, unabofya, unajiona msomi. Madamu Ghati aliishika mausi yake kwa ncha za vidole, akaigeuza tumbo juu, akauliza, "Hiki kitu kazi yake ni kutoa mkono nyumbani kuupeleka matembezini?" Tukacheka. Tukamwona wa zamani.

Halafu vikaja vidudu. Mnaokaa Musoma mnavijua vile vidudu vya ziwani, vinapanda juu ya maji kama moshi wa shamba linalochomwa, upepo ukigeuka vinahamia mjini vyote. Vinaingia kwenye chai, kwenye nywele, kwenye mdomo wa mtu anayeongea sana. Sasa mausi za siku zile zilikuwa na kigololi tumboni. Vidudu vilipenya humo, kigololi kikavisaga, kikawa kama kimepikwa kwenye uji. Unasukuma kushoto, mshale unakwenda juu. Ofisi nzima ikasimama. Watu wakawa wanafungua mausi na kuzikwangua kwa pini za nywele, wengine wamekaa wanasubiri upepo ugeuke tena, kama wavuvi.

Madamu Ghati peke yake ndiye alikuwa anaendelea na kazi. Anafungua faili, anahifadhi, anachapisha, mausi iko kando imekufa. Nikamsogelea. Akanionyesha kwa kidevu kwenye menyu: pembeni ya kila amri kulikuwa na maandishi madogo, Kontroli na herufi hii, Alti na herufi ile.

"Yameandikwa hapo tangu siku ya kwanza," akasema. "Watu hawasomagi."

Nikaanza kuyasoma. Hiyo ndiyo asili ya yale mnayoyaita mambo yangu. Hakuna uchawi, ni vidudu tu.

Kutoka Musoma nilikuja Bunda, kwa Wambura. Yeye mnamjua kama bosi mwenye kitambi na gari. Mimi nilimpokea akiwa kijana mwembamba, ametoka chuo, amepanga vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Nyasura, anaandika programu za kusajili wagonjwa kwenye zahanati na vituo vya afya. Alinichukua nimwingizie data. Nikamwambia, mwanangu, kuingiza data nitaingiza, ila nifundishe na wewe unachofanya hapo. Hakunicheka. Kila siku baada ya chakula alinifundisha: hiki ni kigezo, hiki ni kitanzi, hapa programu inajiuliza swali kabla ya kuendelea. Wambura ana kichwa, mtu asiwadanganye. Mambo ya mantiki yote niliyonayo ni yake.

Lakini mikono yake, Yesu na Maria! Mnajua edita, ile programu tunayoandikia programu nyingine. Wambura akitaka kuhamisha mstari mmoja juu ya mwingine, anashika mausi, anauchora mstari rangi, unamponyoka, anauchora tena, anabofya kulia, anakata, anatafuta mahali, anabandika, anagundua amebandika katikati ya neno, anasonya. Mimi nilikaa nikaangalia mpaka uvumilivu ukaisha. "Baba," nikamwambia, "shika Alti, bonyeza mshale wa juu." Mstari ukapanda wenyewe kama mtu anayepanda ngazi. Wambura akaupandisha, akaushusha, akaupandisha. Nadhani kazi nyingine haikufanyika mchana ule.

Ndipo nikaanzisha kikapu. Kilikuwa kikapu changu cha sokoni cha ukindu, kile kile ambacho mpaka leo mnakitumia. Kila Ijumaa asubuhi nilipita meza kwa meza nikikusanya mausi zote, na za laptopu zile sehemu za kupapasa nikazibandika karatasi juu. Mpaka saa ya chakula, kibodi tu. Mwanzoni watu walilia. Mmoja alisema anaumwa kila Ijumaa. Nikawafundisha amri chache chache, si zote kwa mpigo, maana anayejifunza zote kwa siku moja anabaki na kiburi tu. Wiki hii Kontroli na P, ya kufungua faili kwa kuandika jina lake. Wiki ijayo Kontroli na G, ya kwenda moja kwa moja kwenye mstari fulani. Na kama umesahau kila kitu, Kontroli na Shifti na P, inafunguka orodha ya amri zote, unaandika unachotaka kama unavyomwambia muuza duka. Kwa kukariri pekee huendi popote. Chukua moja, itumie mpaka mkono uichoke, ndipo uchukue nyingine.

Magesa alikuja katikati ya zama hizo za kikapu. Mtoto wa wafugaji wa Mugeta, mcheshi, mwenye haraka kuliko akili yake, na akili alikuwa nayo nyingi. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa ya zahanati moja ya vijijini huko rasi ya Majita. Fomu yetu ya mgonjwa iliuliza "Mtaa", kwa sababu sisi tuliiandika tukiwa hapa mjini Bunda na tulidhani kila Mtanzania ana mtaa. Kijijini hakuna mitaa, kuna vitongoji. Wakaomba tubadilishe.

Magesa akasema hiyo ni kazi ya dakika. Akaagiza kompyuta: popote palipo na mtaa, weka kitongoji. Badilisha zote. Ikabadilisha zote kweli. Wagonjwa wa meno wakaanza kuelekezwa kwa "Kitongojilamu wa Meno". Kwenye ukurasa mwingine kulikuwa na "Kitongojilamu wa Macho", na cheti kimoja kikatoka kimesainiwa na "Kitongojilamu wa Maabara". Yule mtaalamu wa maabara alipiga simu mwenyewe. Hakukasirika, alitaka kujua tu kama amepandishwa cheo.

Tulicheka mpaka machozi, na jina likamkaa. Kitongojilamu njoo, Kitongojilamu chai imepoa. Yeye mwenyewe akacheka kuliko wote, kisha akaja mezani kwangu. "Mama, ningefanyaje?" Nikamwonyesha Kontroli na D. Weka kile kimstari kinachopepesa katikati ya neno, usichague kitu, bonyeza. Inaokota neno hilo zima. Bonyeza tena, inaokota linalofuata, zima kama hilo, haigusi neno lililolimeza ndani yake, kama mtaalamu. Unaona kila moja kwa macho kabla ya kuliokota. Ukimaliza unaandika mara moja, na yote yanabadilika pamoja. Akaipenda amri ile kuliko mchumba. Baadaye alipata na mchumba, akaoa, wakapata mtoto.

Mtoto akiwa bado wa kubebwa, Magesa akapanda bodaboda kurudi kazini kutoka nyumbani kwao. Ng'ombe akavuka barabara, dereva akamkwepa, wakaanguka. Dereva aliinuka akijipangusa vumbi. Magesa mkono wa kulia ulivunjika vibaya, na madaktari wakaunga mfupa lakini mshipa wa fahamu haukurudi. Mkono ukabaki unaning'inia, vidole havimsikii. Nilipokwenda kumwona wodini aliniambia, "Mama, mtoto wa mfugaji nimeangushwa na ng'ombe. Nyumbani nitawaambia nini?" Nikacheka naye. Nilipotoka nje nililia kwenye ukuta wa hospitali kama mtoto mdogo, siwafichi.

Miezi ikapita. Siku moja ya Ijumaa akaingia ofisini, mkono kwenye kitambaa, amevaa shati la kanisani. Alikuja kuaga.

"Nakwenda Mugeta kabisa," akasema. "Baba amezeeka, ng'ombe wanataka mtu. Ng'ombe hawatakagi kibodi."

"Na mkeo anasemaje?"

"Analia. Lakini mama, nimejaribu nyumbani. Kila kitu tulichofundishana ni mikono miwili. Shika hiki, bonyeza kile. Nashika na nini? Na meno?"

Nikamwambia akae angalau anywe chai kabla hajaondoka. Akakaa kwenye kiti chake cha zamani, mbele ya kompyuta yake ya zamani, mausi iko kikapuni kwa sababu ni Ijumaa. Kidole chake cha mkono wa kushoto kikawa kinagonga gonga kitufe cha Shifti, kama mtu anavyogonga meza akiwa na uchungu.

Kompyuta ikalia tiii, na kikaruka kile kisanduku.

Wote mnakijua. Ukigonga Shifti mara tano kinatokea kukuuliza kitu. Miaka yote kile kisanduku kilikuwa kero ya ofisi nzima, mtu akikiona anabofya Hapana hata kabla hakijamaliza kujitokeza. Na mimi mkono wangu ulishanyooka kukifukuza. Magesa akauzuia kwa kiwiko.

"Subiri mama. Hebu nisome."

Akasoma. Nikaona midomo yake inatembea, kisha ikasimama, kisha akarudia tangu mwanzo.

"Kinasema, ukikubali, huhitaji kushika vitufe kwa pamoja. Unabonyeza kimoja, unaachia, halafu kingine. Kinakusubiri."

"Kinakusubiri?"

"Kinakusubiri, mama."

Akakubali. Akafungua edita. Akagusa Kontroli, akaachia, mkono ukabaki hewani kama mtu anayesikiliza hatua mlangoni. Akagusa D. Neno likaokotwa. Akagusa tena, la pili likaokotwa. Jamani! Nilimpigia vigelegele mpaka mwenye duka la chini akapanda kuuliza kama kuna harusi. Nikakumbuka sauti nzito ya Madamu Ghati, watu hawasomagi. Dawa tumekaa nayo nyumba moja, kila siku tunaifukuza mlangoni.

Mugeta hakwenda. Tulikaa pamoja kila siku, tukibadilisha amri za edita ziangukie upande wa kushoto wa kibodi. Mishale ya kulia ilikuwa mbali, tukaipa herufi za karibu. Mwanzoni alikuwa mzito kama mimi chini ya kanga. Alikasirika, akatukana kwa kilugha, akaomba radhi, akaendelea. Polepole mkono ule wa kushoto ukapata akili.

Wambura alikuwa anaangalia kwa mbali. Siku moja aliniita ofisini kwake, akafunga mlango. Najua mnampenda, na mimi nampenda, kwa hiyo nitaandika alivyosema. "Mama, mimi siyo mtu mbaya. Lakini nina wateja. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Wiki ijayo tunafunga mfumo kituo cha afya Butiama. Magesa aende kama fundi, wewe uende naye. Kama ataweza kuhudumia mteja peke yake, abaki kwenye programu. Kama itabidi umshikie kibodi hata mara moja, nitampa kazi ya kupokea simu. Usimwambie."

Kazi ya simu siyo mbaya, na aliyeko huko asinikasirikie. Lakini kwa Magesa ilikuwa ni Mugeta kwa jina lingine. Angekaa wiki mbili, angeondoka kimya.

Kituo kile cha Butiama kiliendeshwa na masista. Mkuu wake, Sista Perpetua, alitupokea kwa chai na maandazi, mama mwenye macho makali na maneno machache. Wambura naye alikuja, akasema amepita tu, akavuta kiti nyuma yetu. Magesa akauwasha mfumo kwenye kompyuta ya mapokezi, akamwelekeza karani, kila kitu kikaenda vizuri. Mgonjwa wa kwanza akasajiliwa. Wa pili. Wa tatu alikuwa mzee wa kijiji cha jirani.

"Mtaa?" karani akamwuliza.

"Mtaa gani?" mzee akasema. "Mimi natoka kitongojini kwetu."

Karani akaandika "hakuna". Wa nne, hakuna. Wa tano, hakuna. Sista Perpetua akainama kwenye skrini.

"Fundi, mimi nataka kujua malaria inatoka kitongoji gani ili nipeleke watu wangu na vyandarua. Hapa naona wagonjwa wangu wote wanatoka Hakuna. Ondoeni huu mtaa, wekeni kitongoji. Sasa hivi, wagonjwa wanasubiri."

Nikamwangalia Magesa, Magesa akaniangalia. Neno lile lile! Tukabanwa na kicheko wote wawili, Sista akatukazia macho, tukakimeza. Ni fomu ile ile ya mjini, sisi wenyewe hatukujifunza.

Sasa hapo shida ikaonekana. Kompyuta ile haikuwa yetu. Edita tuliiweka asubuhi ile ile, mpya, haina amri hata moja ya zile tulizozipangia upande wa kushoto. Magesa akaweka mkono wake wa kushoto kwenye kibodi ngeni, na mimi nikaona jasho linamtoka shingoni. Mikono yangu ikaanza kuwasha. Kweli nawaambia, iliwasha. Ilikuwa kazi ya sekunde kwangu. Ningenyoosha tu. Nikajua nikinyoosha nimemmaliza. Basi nikaweka viganja chini ya mapaja, nikavikalia.

Ndipo nikamwelewa Madamu Ghati. Haikuwa baridi kamwe. Na mimi nilimpelekea sweta!

Magesa akagonga Shifti mara tano. Tiii! Chumba kizima kikageuka.

"Imeharibika?" Sista akauliza.

"Hapana, Sista. Imeamka."

Akakubali kisanduku. Akafungua faili la fomu, akaweka kimstari katikati ya neno mtaa. Kontroli, akaachia. D. Likaokotwa. Kontroli. D. La pili. Alikwenda polepole, lakini alikwenda. Nyuma yangu nikasikia kiti kinasogea. Wambura, uvumilivu umemwishia, akainama juu ya bega la Magesa, akashikilia kitufe cha Kontroli kwa kidole chake kinene. "Ngoja nikushikie, wewe bonyeza D." Magesa hakuwahi kumzuia, D ilishabonyezwa.

Kompyuta ikalia mlio mwingine, wa kushuka, na mambo yote yakagoma. Kile kitu ndivyo kilivyo: vitufe viwili vikibonyezwa kwa pamoja, kinajua mwenye mikono miwili amekuja, kinajizima. Magesa akabonyeza Kontroli, akaachia, akabonyeza D, na herufi d ikajiandika, na maneno yote aliyoyaokota yakageuka d. Karani akashika mdomo. Sista akaangalia foleni ya wagonjwa. Mimi nikazidi kukalia mikono, nikawa nasali kimoyomoyo, na sala yenyewe ilikuwa na matusi kidogo kwa ajili ya Wambura.

Magesa akavuta pumzi. Akageuka, akamwangalia bosi wetu usoni, kwa adabu kabisa.

"Bosi, samahani. Ukinisaidia inazima."

Wambura akabaki na kidole hewani. "Sasa mkono mmoja..."

"Hauchinji ng'ombe, najua bosi. Lakini leo hatuchinji, tunaandika."

Sista Perpetua alicheka, mara moja tu, kwa pua. Wambura akarudisha kidole, akarudi kwenye kiti chake taratibu. Magesa akagusa Kontroli na Z kurudisha alichoharibu, ila kwa kuwa kile kitu cha kusubiri kilishajizima, ikaandikwa z. Akaguna. Shifti mara tano. Tiii. Akarudisha yote. Akaanza upya, okota, okota, okota, na kila amri ilipoliruka neno mtaalamu, alinitupia jicho. Alipofika mwisho akaandika kitongoji kwa mkono mmoja, na skrini nzima, juu mpaka chini, neno likajiandika kila mahali kwa wakati mmoja, herufi kwa herufi.

"Ee Mungu wangu," karani akasema.

"Mwiteni yule mzee arudi," Sista akasema. "Na muulizeni kitongoji."

Njiani kurudi Bunda Wambura aliendesha gari mpaka tumekaribia mjini. Kisha akauliza, bila kugeuka, "Kile kisanduku huwa kinasema nini hasa?" Magesa akamweleza. Wambura akasema amekifukuza tangu chuoni. Habari ya simu haikutajwa tena, na Magesa hajui mpaka leo kwamba ilikuwepo. Sasa atajua, akisoma hapa. Mura, kijana wangu, usimwendee bosi na maneno, mambo yamepita.

Mengine mnayajua. Magesa ndiye anayewakagua kazi zenu, na Ijumaa yeye ndiye anapita na kikapu changu.

Sasa herufi kubwa. Wiki mbili baada ya ile keki yenu, kuku wa jirani aliingia kwenye muhogo nilioanika. Nikamkimbiza. Kuku alishinda. Niliteleza hapo hapo kwenye ngazi za baraza, na sasa mkono wangu wa kulia uko kwenye plasta nyeupe kuanzia vidoleni mpaka juu ya kiwiko, kama gogo. Nikampigia Magesa kumwambia awaambieni kuandika tena basi, mpaka nipone, na nikipona tutaona, labda tuache tu. Kwa kweli nilikuwa nimenuna. Kujua dawa nilijua, nilikuwepo ilipogunduliwa. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kukaa mbele ya kibodi mtu mzima wa umri huu, mkono mmoja, unatafuta herufi kama kuku anayedonoa, ni kingine.

Akaja jioni ile ile na sato wawili kwenye mfuko. Akaniamkia, akaita mke wa jirani awakaange, akaifungua laptopu mezani.

"Shifti, mama. Mara tano."

"Naijua."

"Najua unaijua. Piga."

Nikapiga. Tiii. Nikaanza mstari wa kwanza, siku mliyoniaga mlinipa keki, na herufi kubwa ikanishinda, na nukta ikaangukia katikati ya neno, nikafuta, nikaandika, nikafuta. "Wewe kijana," nikamwambia, "niwekee basi hiyo S tu, mimi nitaendelea." S haikuja. Nikarudia. Haikuja. Nikageuka nimpe maneno yake.

Magesa alikuwa amekaa pembeni yangu, ameinama kuelekea skrini, midomo ameikaza. Mkono wa kulia umelala mapajani pake kama siku zote. Ule wa kushoto, mkono wake pekee mzima, ameuweka chini ya paja, ameukalia.